Mawe ya Upande wa Kushoto

Hata kabla hakujapambazuka, nilisikia maji yakimiminika taratibu kwenye beseni nyuma ya nyumba. Ni Nasma, mpangaji wangu, anachukua udhu. Huwa anamimina kidogo kidogo ili asiniamshe. Mimi huwa nimeshaamka zamani, ila simwambii, maana huo wema wake naupenda.

Ndipo simu yangu ikagonga chini ya mto. Tok.

Hiyo si sauti ya kupigiwa, wala si ya ujumbe. Ni sauti ya jiwe likitua ubaoni. Mzee Pankrasi, huko Madaba, alikuwa amecheza.

Nilivaa miwani nikafungua simu. Juzi yake nilikuwa nimeweka jiwe langu upande wa kushoto wa ubao, nikalibana kooni kundi lake kubwa la katikati. Lilikuwa limebaki jiwe moja tu, kundi zima litolewe ubaoni. Hata mtu aliyejifunza juma moja angeliona hilo na kukimbilia kuliokoa.

Yeye alikuwa amecheza kulia kabisa, mbali, kama mtu anayepalilia bustani huku paa la nyumba yake linaungua.

Chini ya mchezo alikuwa ameandika hivi: "Umeamkaje, Kitumbua? Mashine ilisema zamu ni yangu, nimecheza, lakini jiwe lako sijaliona. Umeweka wapi?"

Kitumbua ni mimi. Nilikaa kitandani, nikaisoma tena.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua kwa nini. Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitamweleza kwa kifupi, asije akanihurumia kabla hajajua nilichofanya.

Jina langu ni Otilia, mjane, nakaa Ruhuwiko, hapa Songea. Nasma ni daktari wa mazoezi ya viungo, kazi yake kuwanyoosha waliopooza. Siku moja alinikuta uani naongea na kuku. Akasema, bibi, ngoja nikutafutie watu. Akaniingiza kwenye seva ya Go, ndiyo hiyo tovuti ambayo watu wa dunia nzima wanacheza mchezo huo na kufundishana.

Go ni mchezo wa kuzungushia shamba. Mmoja ana mawe meusi, mwenzake meupe. Mnapokezana kuweka jiwe moja moja kwenye makutano ya mistari. Mawe ya mwenzako ukiyazingira pande zote yakakosa pa kupumulia, yanatoka. Mwisho wa yote anahesabiwa aliyezungushia eneo kubwa. Ukishinda, seva inakupandisha daraja. Na katika michezo ya polepole unapewa siku kadhaa za kufikiri kabla ya kuweka jiwe, lakini saa yako ikiisha umeshindwa.

Mzee Pankrasi alikuwa mgonjwa wa Nasma. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, bintiye Lukresia akamtoa Madaba akamleta kwake Lizaboni. Mkono ulirudi, mguu ukarudi kiasi. Nasma akamfundisha Go ili akili nayo ipate mazoezi. Ila mzee alikataa kucheza na wageni. Alisema wanaanza kuweka mawe bila hata kusalimia.

Basi Nasma akaniomba nicheze naye. Tukakubaliana asijue mimi ni nani, asije akadhani anabembelezwa. Na Nasma aliniambia neno moja ambalo sasa haliniachi: "Bibi, ukiona kitu hakijakaa sawa kwenye kucheza kwake, niambie. Chochote kile."

Niliona tangu mchezo wa kwanza. Upande wa kushoto aliuacha wazi kama nyumba isiyo na mlango. Niliingia nikavuna kila kitu. Akaandika, "Nimekwisha, Kitumbua. Hata nilipoibiwa sijapaona." Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mzee.

Kisha nikafiwa na wifi yangu kule Namtumbo. Nilimwandikia kwamba nakwenda msibani, nikaondoka, bando likaisha. Saa yangu ilikuwa inakimbia. Angenyamaza tu angeshinda bila kutoa jasho. Niliporudi nikakuta ameusimamisha mchezo mwenyewe. Ameandika, "Pole sana. Saa nimeisimamisha. Lia kwanza, mchezo utakukuta."

Tangu hapo sikuweza tena kuingia upande wa kushoto. Nilikuwa naona uko wazi, napita. Nacheza mahali pasipo na maana, yeye anashinda, ananiandikia kwamba leo amekula vizuri. Nami nafurahi.

Daraja lake likapanda na kupanda. Lukresia alikuwa amemwahidi kwamba atamrudisha nyumbani Madaba siku kichwa kitakapotulia. Mzee akamwonyesha daraja lake. Lukresia akamuuliza Nasma. Nasma akaniuliza mimi, jikoni, huku anamenya vitunguu: anachezaje?

Nikasema, "Anacheza vizuri."

Maneno mawili tu. Kwa maneno hayo mawili mzee mwenye kiharusi alirudishwa kukaa peke yake Madaba, na bintiye akamfuata mumewe Nalasi kwenye korosho.

Mzee alipokwisha kuondoka ndipo moyo ukaanza kunisuta. Nikasema, sasa yuko kwake, hana cha kupoteza, acha nicheze kweli mara moja nijue. Nikaweka lile jiwe la kushoto. Na jibu lake ndilo hilo nililolikuta alfajiri.

Nilimngoja Nasma amalize kuswali. Nikampelekea simu mlangoni.

Alisoma, akasema huenda kidole kimeteleza. Halafu akakunja uso. Akaniomba michezo ya zamani.

Seva ile ina mashine inayopitia mchezo uliokwisha na kuchora mstari. Mstari ukipanda, mmoja anaongoza. Ukishuka, mwenzake. Nasma akafungua mchezo mmoja, mstari ukapanda upande wangu, ukapanda, halafu karibu na mwisho ukaanguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Akafungua wa pili. Vilevile. Wa tatu akautazama kidogo tu, akafunga.

"Bibi," alisema, "huyu mzee hajawahi kukushinda."

Nilivua miwani nikaifuta kwa kanga.

"Mimi nilikuuliza."

Hakupandisha sauti. Angenifokea ningepata pa kujishika. Nilimwambia, mjukuu wangu, nilimwonea huruma, alinisimamishia saa. Akasema anajua. Akarudia tena, polepole zaidi, kwamba aliniuliza.

Alikuwa bado ameshika simu. Nikaona macho yake yamesimama.

"Njoo utazame. Usitazame ya kwako, tazama mawe yake tu. Niambie ni lini ameweka hata moja huku kushoto."

Nilitazama mchezo baada ya mchezo. Hakuna. Mawe yake yote yalijaa kulia na katikati, kama watu wanaoikimbia mvua inayoingia kwa dirisha moja.

"Vaa viatu, bibi," Nasma akasema.

Tulimpigia Lukresia njia nzima ya kwenda Madaba, hakupatikana. Huko korosho zilipo mtandao unapatikana kwa kuvizia. Nasma akamwandikia ujumbe kwamba tunakwenda kumwona baba yake na kwamba akiupata apige.

Mzee tulimkuta ameketi barazani kwake, anapukuchua mahindi. Mzima. Nguo safi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nasma akamwamkia, shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba kwa furaha mpaka mahindi yakamwagika mapajani.

Nasma akamwambia mimi ni mama mwenye nyumba wake, tumepita kumsalimia. Mzee akanipa kigoda chake, yeye akakaa kwenye gunia. Akaniuliza habari za Ruhuwiko, mvua, na kama wapangaji wa siku hizi wanafagia.

"Huyu anafagia," nilisema.

"Basi mpunguzie kodi."

"Alipe kwanza ndipo nimpunguzie."

Alicheka. Na alipocheka ndipo nikaona kidevu chake. Upande wa kulia kimenyolewa laini kama yai. Upande wa kushoto ndevu zimeota, nyeupe, za majuma. Nilidhani wembe umemwishia makali. Nikautazama mkono wake wa kushoto. Palikuwa na kidonda cha moto, kirefu, kimeanza kukauka.

Nasma akamuuliza umeunguaje. Mzee akautazama mkono kwa mshangao kidogo, kama anaonyeshwa wa mtu mwingine. Akasema labda jikoni, hakumbuki. Kilichokuwa kinamkera yeye si moto, ni bodaboda. Akasema siku hizi vijana hawapigi honi, wanatokea ubavuni kama mapepo, juzi mmoja amempangusa begani njiani akimtukana kwamba ni kipofu.

"Ubavu gani?" Nasma aliuliza.

Mzee alifikiri. Akagusa wa kushoto.

Tulipikiwa, na kukataa hatukuweza. Alisonga mwenyewe ugali, akatoa maharage na majani ya maboga, akapakua sahani tatu. Alikula kwa hamu huku anatusimulia habari za rafiki yake wa kwenye simu.

"Anaitwa Kitumbua. Kijana huyo, nadhani wa huko Mbeya. Ana adabu lakini kichwa chake kizito kidogo. Namfunga kila siku. Lukresia aliponiambia nimechakaa nilimwuliza, mtu aliyechakaa anaweza kumfunga kijana wa Mbeya?"

Nililirudisha tonge sahanini.

Kisha akachungulia bakuli la katikati na kusema kwa utani kwamba wageni wa Songea wana njaa, mboga wameimaliza wenyewe bila kumwachia.

Mboga yake ya majani ilikuwa kwenye sahani yake. Yote, haijaguswa, upande wa kushoto. Maharage ya upande wa kulia alikuwa ameyafuta mpaka sahani inang'aa.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilishika sahani yake niizungushe taratibu, mboga zije upande anaokula, asione, asiaibike. Nasma akanishika kifundo cha mkono.

"Acha, bibi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hivyo ndivyo ulivyofanya."

Alinitoa nje, akasema tunakwenda kuangalia maji. Nyuma ya nyumba akanieleza. Macho ya mzee ni mazima. Ila kiharusi kikipiga upande mmoja wa ubongo, kinaweza kumwibia mtu nusu ya dunia yake. Si kwamba kushoto anaona giza. Kwake hakuna kushoto. Ukimwuliza atakwambia anaona kila kitu, na hasemi uongo.

Nikamuuliza mbona kule Lizaboni hatukujua. Akasema kule alinyolewa na kinyozi, alipakuliwa chakula akawekewa mkononi, alishikwa mkono barabarani. Naye Nasma alikuwa anaangalia mguu na kiganja tu. Mahali pekee ambapo mzee alikuwa peke yake na nafasi yenye kulia na kushoto ni kwenye ubao wa Go.

"Ungemfunga kila siku upande huo huo, ningejua ndani ya juma moja," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi ningeweza kufungua michezo hiyo mwenyewe. Sikufungua. Nilikuamini."

Wasomaji wangu, nimefiwa na mume na watoto wawili. Nilidhani najua uzito wote.

Nikamwambia, nitamwambia mimi mwenyewe. Nasma akasema hatanielewa, maana huwezi kumweleza mtu kitu ambacho kwake hakipo. Inabidi akione.

Tuliporudi barazani mzee alikuwa ameshatoa ubao wake. Aliutengeneza kwa mlango wa kabati la zamani, akachora mistari kwa msumari, na mawe yake ni punje za mahindi meupe na maharage. Nasma akamnong'oneza kwamba mama mwenye nyumba naye anaujua mchezo. Alichangamka kama mtoto wa siku ya komunyo. Akanipa mahindi, akajipa maharage, akaniambia nisiogope, hatanifunga vibaya.

Tukaanza. Na kwa mara ya kwanza tangu anisimamishie saa, nilicheza kweli mchezo mzima.

Nilijenga kushoto. Punje baada ya punje, mbele ya macho yake, kweupe. Kila nilipoweka alitazama mkono wangu ukitoka mapajani, akaupoteza, akangoja, akasema, "Umecheza?" Nikajibu nimecheza. Akaweka haragwe lake kulia, kwa uhakika, akashusha pumzi.

Machozi yalinilenga. Vidole vyangu vilikuwa vinaomba viende kulia kumsaidia. Nasma alikuwa ananitazama.

Mwisho mzee aliegemea ukuta. "Mama, umekwisha. Sehemu yote ni yangu. Hujajenga hata uchochoro."

"Kaka Pankrasi," nilisema, "naomba nizungushe ubao."

Akasema zungusha, utaona ni uleule. Nikashika pembe mbili nikaugeuza taratibu, kushoto kukaja kulia.

Alitazama. Kicheko kilimbakia mdomoni kikakosa pa kwenda.

"Haya mahindi ameweka nani?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mbele yako."

Aliyagusa kwa kidole, moja moja, akihakikisha kwamba ni ya kweli. Nusu nzima ya ubao ilikuwa nyeupe. Halafu akauliza swali ambalo nitakwenda nalo kaburini.

"Na yangu yamekwenda wapi?"

Yalikuwa palepale, kaka wa watu. Yalikuwa yamehamia kushoto.

Nasma akapiga magoti mbele yake. Akachana kipande cha kanga yake nyekundu, akakifunga ukingo wa kushoto wa ubao. Akamwambia, mzee, geuza shingo, taratibu, usisimame mpaka umeona nyekundu. Aligeuza, akasimama katikati akidhani amefika. Endelea, Nasma akasema. Akaendelea. Nikaona macho yake yakifika kwenye kitambaa, na njiani yakiyakuta maharage yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayewakuta ndugu zake stendi.

Kuku walikuja wakala mahindi yaliyomwagika, hatukuwafukuza.

Mzee alirudi kwenye ubao, kulia, kushoto, kulia. Nikajua anawaza nini, maana nilimwona akichukua simu yake mfukoni. Akafungua mchezo wetu. Akageuza shingo kama alivyofundishwa. Akaliona jiwe langu la juzi. Kisha akafungua michezo ya zamani, mmoja mmoja.

"Baada ya ule wa kwanza, Kitumbua hakuwahi kuingia huku mpaka juzi," alisema. "Michezo yote hiyo. Mlango wazi. Hakuingia hata siku moja." Akafikiri. "Kijana mjinga kiasi hicho hayupo."

"Si kijana," nilisema. "Wala si wa Mbeya."

Aligeuka, akanikosa, akageuka zaidi.

Nikamwambia yote. Kwamba ni mimi. Kwamba nilipofiwa alinisimamishia saa, nami nikashindwa kumvunia shamba lake. Kwamba Nasma aliniuliza, nikasema anacheza vizuri. Kwamba kidonda cha mkononi na bodaboda ya begani vinatoka kwangu. Sikuomba msamaha. Niliona ningeomba angenipa upesi, na sikustahili upesi.

Aligeuza shingo akakitafuta kidonda cha mkononi, akakitazama.

"Kwa hiyo sijakushinda hata mara moja?"

Hapo, nakiri, uongo ulinijia mdomoni ukiwa tayari umepikwa. Mara moja, kaka. Ule mchezo wa baada ya msiba. Ungemgharimu nani?

"Hata mara moja," nilijibu.

Akatikisa kichwa. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali. Akanieleza kwamba maisha yake yote ya kazi, kule Namtumbo, alikuwa anapanga madaraja ya tumbaku. Wakulima walikuja wanamlilia, jani limeota ukungu, mtoto anaumwa, mzee tupe daraja la kwanza. Mara moja alikubali, kwa huruma. Mnunuzi alipofungua akarudisha mzigo wa kijiji kizima.

"Toka siku hiyo nilikuwa nawaambia ukweli huku nimewashika mkono," alisema. "Ukweli peke yake ni mkali. Lakini ulipaswa kunishika mkono ukaniambia, Kitumbua."

Nikamwambia ndivyo nilivyopaswa.

"Basi nishike sasa."

Nilimshika. Ni ule wa kushoto, wenye kidonda. Alichelewa kidogo kujua kwamba umeshikwa.

Tukabaki hivyo. Nasma akaanza kumweleza kwamba kitu hiki kina mazoezi yake. Nyekundu kwenye ukingo wa sahani, nyekundu kwenye fremu ya mlango, nyekundu kwenye jiko. Kugeuza shingo mpaka iwe mazoea. Ubao wa Go kila siku, na mtu wa kumfunga bila huruma kushoto mpaka kushoto kurudi. Wengine hurudishiwa sehemu kubwa. Wengine hawarudishiwi. Na mtu asiyeona kushoto kukaa peke yake na moto na barabara, alisema Nasma, ni jambo ambalo yeye hawezi kulitia saini.

Mzee akasikiliza. Akaniambia mimi, si Nasma, kwamba kule Lizaboni alikuwa analala chumba cha kupitia, watoto wanamruka wakienda shule. Kwamba hapa anajua kila kitasa. Kwamba mkewe amezikwa pale nyuma ya migomba, na kila asubuhi humwambia bei ya mahindi. Akirudishwa mjini safari hii, hatarudi tena akiwa hai. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni.

Simu ya Nasma ikalia. Lukresia, kutoka Nalasi, mtandao unakatika na kurudi.

Nasma akapokea, akamsikiliza, akasema kwamba baba yake yuko salama lakini kuna jambo. Kisha akaondoa simu sikioni, akainyoosha kwangu.

"Anakutaka wewe, bibi."

Nikamtazama. Nikategemea anisaidie kama ilivyo kawaida yake. Akageuza uso akaanza kuokota mahindi.

"Bibi Otilia," sauti ya Lukresia ilisema. "Shikamoo. Nimeusoma ujumbe, sielewi. Nasma anasema nikuulize wewe, ndiye unayecheza naye. Kuna gari la korosho linapanda Songea kesho, dereva amekubali kunichukua. Niambie wewe tu bibi, mimi nitakuamini. Nije kumchukua dadi yangu, au akae?"

Nitakuamini. Alilisema neno lilelile la Nasma.

Simu ilikuwa inatoa sauti kubwa, barazani pale kila mtu alisikia. Mzee Pankrasi hakusema usimwambie. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alikuwa amekishika kile kitambaa chekundu kati ya vidole. Mimi nilikuwa nimeketi kushoto kwake.

"Bibi?" Lukresia aliita. "Unanisikia?"

Mzee akaanza kugeuza shingo, taratibu, kama mtu anayefungua mlango mzito. Akapita ubao, akapita kitambaa, akazidi kugeuza, mpaka macho yake yakanipata. Yakatulia juu yangu.

"Kitumbua," alisema, "Jumamosi utakuja tena kunitembelea? Uje hapa hapa, si Lizaboni."

Nikaushika tena mkono wake wa kushoto, nikaanza kumwambia Lukresia ukweli.